Jogoo wa Muko

Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Mswahili, yule kijana wa Tanga anayesoma Kyambogo, ameapa mbele ya Senga, shangazi wa mchumba wake, kwamba hatagusa ubao wa mweso, bao la Kiganda, mpaka kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, ipite. Kwanjula ni kesho. Ijumaa jioni anatoka soko la Nakawa akiwa na jogoo kwapani. Bodaboda inakata upepo kwenye Barabara ya Jinja, inafika Banda, na pale chini ya taa ya kibanda cha chapati kuna mtu amekaa peke yake mbele ya ubao...

SASA ENDELEA

"Simama hapo," Mswahili alisema.

Dereva wa boda akageuza shingo. "Si ulisema mpaka hosteli?"

"Dakika moja tu, ssebo."

Msomaji wangu, umewahi kumwona mcheza bao wa dakika moja? Mimi bado.

Akashuka, jogoo kamkumbatia. Jogoo mwenyewe alikuwa wa kupendeza: mwekundu, kifua mbele, mkia mweusi tii wenye unyoya mmoja mweupe. Ukumbuke huo unyoya mweupe. Baadaye usije ukasema sikukuambia.

Na yule mtu kwenye ubao? Ni yeye. Kofia.

Jina lake hasa hakuna aliyelijua pale Banda. Alitokea wiki mbili nyuma, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Anakaa, anacheza, anashinda, anaondoka. Ukimsalimu haitikii. Ukimtania hacheki. Mswahili alishamhukumu: huyu ana majivuno. Na hilo ndilo lililomuunguza zaidi, maana kufungwa kunauma, lakini kufungwa na mtu asiyekuitikia hata salamu!

Halafu kulikuwa na ule ubao wake. Mvule mtupu, mashimo 32 yamechongwa kwa mkono, mapana sawasawa, yamelainishwa kwa msasa mpaka kete ikianguka ndani inatulia yenyewe. Mswahili alikuwa ameutamani tangu siku ya kwanza. Alishajaribu kuununua. Kofia alitikisa kichwa tu.

Leo Kofia alinyoosha kidole. Kwanza kwa jogoo. Kisha kwa ubao. Kisha akainua kidole kimoja hewani.

Mchezo mmoja. Jogoo kwa ubao.

Najua unachotaka kumwambia Mswahili. Nami natamani ningekuwepo nimvute kola. Lakini subiri kidogo, kwanza ujue jogoo huyu ni wa nani.

Kwenye kwanjula ya Kiganda utapeleka mengi. Gomesi za akina mama, kanzu ya baba, vikapu vya vyakula, sukari, sabuni, na kila kitu kitapita mikononi mwa watu wakikikagua. Katikati ya vyote hivyo kuna jogoo mmoja ambaye haliwi na mwingine yeyote: ni wa muko, kaka wa bibi harusi. Akimpokea mbele ya watu, amekubali dada yake aondoke. Sasa niambie, nani huenda kwanjula bila jogoo wa muko?

Na muko wa safari hii si muko wa kawaida. Kaka yake Mwalimu, mchumba wa Mswahili, ni kiziwi.

Mwalimu (nimwite hivyo, kwa kuwa ndiyo kazi anayoisomea) alikulia hapo hapo kwenye kilima cha Kyambogo. Baba yake alifundisha kule tangu enzi za ITEK, taasisi ya ualimu, kabla taasisi tatu hazijaunganishwa mwaka 2003 na kuzaa chuo kikuu. Moja ya hizo tatu ilikuwa taasisi ya elimu ya mahitaji maalumu, na ndiyo iliyomvuta binti. Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akienda na kaka yake sokoni na zahanati, akisikia kwa niaba yake, akisema kwa niaba yake. Katiba ya Uganda ya 1995 imeitaja lugha ya alama, alipenda kusema, kwa hiyo hakuna mtu wa kuniambia ni ishara za kubahatisha.

Alipokubali kuolewa alitoa sharti moja.

"Mimi sikudai ng'ombe," alimwambia Mswahili. "Baba atadai, mtamalizana. Mimi nataka hivi: kaka akitoka kupokea jogoo wake, umsalimie kwa lugha yake. Akikuuliza kitu, umjibu. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Si msemaji wako, si mimi."

Ni sharti gumu? Mimi naliona jepesi kuliko ng'ombe mmoja.

Wakapanga masomo. Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, kwenye nyasi pembeni ya uwanja wa kriketi wa Kyambogo. Mswahili alikuja wiki ya kwanza. Ya pili alikuja nusu. Ya tatu alituma ujumbe kwamba ana kazi ya kikundi.

Saa kumi na moja jioni, kama hujui, ndiyo saa wazee wa Banda wanapofuta vumbi kwenye ubao.

Na huku Mwalimu, ndani ya mwaka mmoja, alishakijua Kiswahili cha Mswahili mpaka akijikwaa anasema "hamadi!"

Lakini nisimwonee kijana. Mswahili hakuwa mlevi wala mhuni. Alilelewa na babu yake Tanga, chini ya mkungu, akitazama bao kabla hajajua kusoma. Alipofika Kyambogo hakuwa na mtu. Chakula kigeni, lugha ngeni, mvua isiyoisha. Siku moja anashuka Banda kutafuta chapati, anakuta ubao: safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64. Moyo ukamruka. Nyumbani!

Akaketi kwa mbwembwe. Fundi viatu mmoja mzee akamfunga kabla chai yake haijapoa.

Kwa nini? Kwa sababu mweso una sura ya bao, ila roho yake nyingine. Kwenye bao la Tanga unakula shimo la mbele tu; huku, mpinzani akiwa na kete mbele na nyuma yake, unazoa zote mbili. Huku hakuna nyumba ya kujificha. Ukiwa kwenye mashimo manne ya kushoto unaweza kugeuza njia na kula kinyumenyume. Na kete ulizokula huzianzishi kichwani kama ulivyozoea. Unarudi nazo pale mkupuo wako ulipoanzia. Hilo la mwisho, tafadhali, lishike vizuri.

Basi akazama. Akatafuta kitabu cha Nsimbi cha 1968 kuhusu mweso, akakisoma, akarudia. Akaambiwa kwamba Banda hiyo hiyo ndiko Kabaka Muteesa wa Kwanza alikoweka ikulu yake mpelelezi Speke alipomkuta mwaka 1862, na kwamba mweso ni mchezo uliopendwa na wakuu wa Buganda. Jioni akikaa pale kibandani, magari yakinguruma kwenda Jinja, alijiona amekaa barazani kwa Kabaka.

Mimi siulaumu mchezo. Mchezo uliodumu kutoka ikulu mpaka kibanda cha chapati ni hazina, na kijana anayeujali nampenda. Kinachoniuma ni zile jioni. Jumanne ni moja, na Mwalimu alikuwa amekaa kwenye nyasi peke yake, mikono mapajani.

Nikukumbushe na Alhamisi ya wiki iliyopita, maana hapo ndipo Senga alipoingia. Mwalimu alipika. Kaka yake, seremala wa Jinja, alikuwa amekuja kukaa nyumbani mpaka kwanjula, na usiku ule ndio Mswahili angemwona kwa mara ya kwanza. Luwombo imefunguliwa, matoke yanatoa moshi. Saa mbili, Mswahili hayupo. Saa tatu, hayupo. Mwalimu alilia kwa hasira: "Na kaka naye kachelewa! Wote wawili mmeniachia chakula kipoe!"

Wewe mwerevu umeshaanza kuunganisha. Nyamaza hivyo hivyo, usiwaambie wenzako.

Ndiyo maana Senga alimwita Mswahili kesho yake, akamkalisha mkekani na kumwapisha. Naye akatii, wiki nzima.

Mpaka leo.

Mswahili alimfunga jogoo kwenye mguu wa benchi. Akaketi.

Kofia akapanga kete zake 32 taratibu, kama mtu anayepanda mbegu za thamani. Mswahili akapanga zake. Vijana wa boda wakazima pikipiki. Mwenye chapati akaacha unga mikononi.

Walianza. Mswahili alicheza vizuri kuliko siku zote, na hili nalisema kwa haki. Kwa nusu saa Kofia hakuwa na nafasi ya kupumua. Kisha ikaja zamu ile. Mswahili akachota kete nne kutoka safu ya nyuma, akazimwaga moja moja. Ya mwisho ikatua shimo la mbele, juu ya mbili nyingine. Ng'ambo yake, mashimo yote mawili ya Kofia yamejaa.

Kete tisa! Akazizoa.

"Bannange!" mtu akanong'ona.

Tisa zile zikimwagwa sawasawa, Kofia hana pa kukimbilia. Mswahili alishaliona hilo. Alishauona ubao wa mvule ukining'inia ukutani kwake.

Na mkono wake ukaenda kichwani.

Ndiyo, kichwani, shimo la pembeni, kama babu alivyomfundisha. Akadondosha kete ya kwanza. Tap.

Kimya kikaanguka. Kofia hakupiga kelele. Hakudai mchezo. Alinyoosha kidole tu, akakiweka taratibu juu ya shimo ambalo Mswahili alipaswa kuanzia, akamtazama machoni. Anza upya.

Ningependa uone sura ya Mswahili wakati ule. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alirudisha kete, akaanza pale alipoonyeshwa, lakini vidole vilikuwa vinatetemeka na hesabu imempotea. Alipofika mwisho akagundua alichosahau kukiona: shimo la tisa lilikuwa tupu. Kete ikalala.

Zamu ya Kofia. Na simu ikaita.

Mwalimu.

Asipokee? Akiacha, atajulikana. Akipokea, ataulizwa. Akapokea.

"Uko wapi?"

"Natoka sokoni."

"Jogoo umempata?"

"Nimempata. Mwekundu, utampenda."

Hapo hajadanganya, sivyo? Mswahili alijipongeza. Mbele yake mkono wa Kofia ulikuwa umeanza safari. Kushoto, nyuma, kulia, mbele. Akala kichwa cha kwanza. Mswahili akasahau kupumua. Mkono ukazunguka tena, kete zikidondoka kwa mwendo ule ule usio na haraka, ukapita, ukafika upande wa pili.

"Mswahili? Mbona umenyamaza?"

Kofia akala kichwa cha pili.

"EMITWE EBIRI!" Banda nzima ililipuka. Vichwa viwili kwa zamu moja! Hata ungebaki na kete ishirini, mchezo umeisha.

Ndani ya simu, kimya.

Kisha sauti ndogo sana. "Hilo neno mimi sihitaji mkalimani."

"Mwalimu, nisikilize..."

"Kesho uje. Baba ameshaweka mahema, siwezi kumwaibisha mzee. Ila nakwambia mapema: kaka akikuuliza kitu, mimi sitakuwa nje. Nitakuwa ndani na wenzangu, nasubiri kuitwa. Utajibu mwenyewe."

Simu ikakatika.

Alipoinua uso, Kofia ameshaondoka. Ubao hakuna. Na mguu wa benchi umebaki na kipande cha kamba.

Usiku ule Mswahili hakulala. Alijaribu kukumbuka alama. Ya kusalimu aliipata. Ya "kaka" aliipata, au alidhani ameipata. "Asante" akachanganya na kitu kingine. Alisimama mbele ya kioo cha bafuni hosteli, akipunga mikono, mpaka mwenzake wa chumba akamuuliza kama anaumwa.

Alfajiri akaamsha nusu ya Banda kutafuta jogoo. Akampata mmoja tu, kishingo, mwembamba, shingo haina unyoya hata mmoja, sauti kama bawaba kavu. Akamlipa mwenyewe bei ya ng'ombe, akamtia kikapuni.

Utasema: basi, tatizo limekwisha. Jogoo ni jogoo.

Twende kwanjula.

Saa sita kamili msafara ulisimama langoni. Wanaume kanzu na makoti, wanawake gomesi zenye mikanda inayong'aa, vikapu vichwani. Ndani, mahema mawili yanatazamana: wenyeji huku, wageni kule. Mswahili aliketi katikati ya wenzake, amefichwa kama ada inavyotaka, haruhusiwi kusema. Msemaji wao alipiga magoti, akasifu, akatania, akatozwa faini ya uongo, akalipa. Watu walicheka. Baba yake Mwalimu, mzee mrefu mwenye miwani, alicheka kidogo pia.

Yote yalikwenda vizuri. Yalikwenda vizuri mno, na nakuomba uogope.

Senga akasimama, akainua mikono, na kwa lugha ya alama akaita kuelekea nyumbani.

"Muko sasa," msemaji wa wenyeji alitangaza. "Aje apokee chake."

Mswahili akafuta jasho. Salamu. Kaka. Salamu. Kaka.

Kutoka pembeni ya nyumba akaja kijana. Kanzu nyeupe, koti la kijivu, viatu vimepigwa rangi. Na kichwani, imeshuka mpaka kwenye nyusi...

Kofia.

Mswahili alihisi kiti kinamkimbia. Kila kitu kikampitia kwa mpigo: salamu zisizoitikiwa, utani usiochekwa, ubao wa mvule uliochongwa kwa mkono wa fundi. Majivuno! Alimwita mtu mwenye majivuno! Jioni nyingi amekaa naye goti kwa goti, na shemeji yake alikuwa amekosa tu mtu mmoja wa kumsalimu kwa namna anayoweza kuitikia.

Subiri, hujaona kwapani.

Jogoo. Mwekundu. Mkia mweusi, unyoya mmoja mweupe.

Mnong'ono ukapita kwenye mahema. "Muko ana jogoo tayari?" Msemaji wa Mswahili, maskini ya Mungu, alikuwa ameshapiga magoti na kikapu mbele. Yule kishingo akachagua dakika hiyo hiyo kutoa kichwa na kuwika.

Watu wakaangua kicheko. Kofia hakucheka. Alitembea moja kwa moja mpaka hema la wageni, akapita wa kwanza, akapita wa pili, akasimama mbele ya Mswahili. Mzee mwenye miwani akasimama. Ada inataka Senga ndiye amtafute bwana harusi. Huyu kijana amemjuaje?

Ndiyo, amemjuaje? Na tangu lini?

Kofia akampa mtoto jogoo amshikie. Akainua mikono yote miwili.

Akamwonyesha Mswahili. Akamwonyesha jogoo. Kisha vidole vikadondosha kete hewani, moja, moja, moja, na hata asiyejua alama yoyote aliielewa hiyo. Mzee alivua miwani. Halafu mikono ikabadilika, ikaenda haraka, uso nao ukisema, nyusi zimepanda juu. Alimaliza. Akashusha mikono, akangoja.

Hilo lilikuwa swali. Hilo tu ndilo Mswahili alilolijua.

Msemaji wake akamgeukia Senga. "Nnyabo, tusaidie. Anasemaje?"

Senga aliyemlea kijana yule, aliyeielewa kila alama, alikunja mikono kifuani.

"Ameniomba nisitafsiri," alisema. "Swali si la msemaji. Mkwe wangu, umeulizwa. Jibu."

Watu wote mahemani wakamtazama Mswahili. Akasimama. Akainua mkono wa kulia, ukabaki hewani, haujui pa kuanzia.

Ndipo mlango wa nyumba ulipofunguka.

Bibi harusi alikuwa hajaitwa. Haruhusiwi kutoka kabla hajaitwa, kila mwanamke pale anajua hilo, na Senga aligeuka kwa mshtuko akanyoosha mikono kumzuia. Mwalimu akampita. Macho hayakumtazama baba, hayakumtazama kaka.

Kwenye mikono yake miwili alikuwa amebeba ule ubao wa mvule. Akaja mpaka mbele ya Mswahili, akauweka kwenye nyasi kati yake na kaka yake, akafungua kinywa...

ITAENDELEA

Je, Kofia aliuliza nini? Nikudokeze moja tu: swali lake halikuhusu jogoo. Na Mwalimu alijua habari za Kofia na Banda mapema kuliko unavyodhani. Tukutane Jumamosi ijayo.